Kabla Hujamlaumu Muuzaji, Pima: Nilivyochunguza Bikaboneti ya Sodiamu

Sufuria ilikuwa ya alumini, imeshika ukoko chini. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukichemsha maji yenye vijiko viwili vya baking soda, yaani bikaboneti ya sodiamu, ukoko unabanduka wenyewe. Nikachemsha, nikaacha itokote kama nusu saa huku nikiendelea na mambo yangu. Ukoko ulibanduka kweli. Ila sufuria nayo ilibadilika: ndani imekuwa ya kijivu kizito, na pale maji yalipofikia pana mstari mweusi, kama umechorwa kwa kaa la moto. Juu ya mstari bado inang'aa kama jana.

Hukumu niliitoa hapo hapo jikoni: nimeuziwa kitu kingine. Unga wenyewe ulikuwa wa kupimiwa, mweupe, kwenye mfuko ulioandikwa neno moja tu, "soda". Na kila nilikosoma palisema bikaboneti ya sodiamu ni kitu cha upole, watu wanaitumia hata kusukutua kinywa. Kitu cha upole hakigeuzi sufuria rangi. Nikapanga kwenda kudai hela yangu, halafu nikajiuliza nitadai kwa ushahidi gani. Ndiyo nikaanza kuchunguza, na haya ninayoandika ni kwa ajili ya yeyote anayetaka kuielewa kampaundi ya nyumbani, yaani kitu kilichoundwa kwa elementi zilizoungana kikemia, bila kuwa na maabara.

Nilianza na majina, na nakushauri uanzie hapo hapo. Kwa Kiswahili neno soda limebebeshwa mizigo mingi. Ni kinywaji chenye gesi, ni unga wa kuumulia, ni unga wa kufulia, na likifuatiwa na neno kostiki ni kitu kinachounguza ngozi. Magadi nayo hivyo hivyo: wapo wanaoita magadi huu huu unga wa kuumulia, ilhali magadi ya asili ni madini yanayoitwa trona, ambamo kaboneti na bikaboneti zimeshikana pamoja na maji ndani ya fuwele moja. Ziwa Magadi la Kenya limejaa trona. Kwa hiyo ukiandika "matumizi ya magadi soda" kwenye intaneti, utaletewa majibu ya vitu vitatu tofauti yakiwa yamechanganywa, na hakuna atakayekuonya.

Dawa yake ni kuacha jina na kushika fomula. Bikaboneti ya sodiamu ni NaHCO₃. Kaboneti ya sodiamu, ile ya kufulia, ni Na₂CO₃. Soda kostiki ni NaOH. Kizuri zaidi kuliko fomula ni namba ya CAS, ambayo ni kama namba ya kitambulisho: kila kampaundi ina yake, haijali lugha. Bikaboneti ni 144-55-8, kaboneti ni 497-19-8, kostiki ni 1310-73-2. Kwenye pakiti za vyakula utakuta E500, na hapo uwe macho, kwa sababu E500 ni ya familia nzima: (i) ni kaboneti, (ii) ni bikaboneti. Mabano hayo madogo ndiyo yenye habari.

Ukishakuwa na namba, ingia PubChem, hifadhidata ya bure, au tafuta karatasi ya taarifa za usalama inayotolewa na watengenezaji. Karatasi hiyo ina sehemu 16, na watu wengi huzikimbia kwa sababu zinachosha. Mimi husoma tatu kwanza: ya 4, huduma ya kwanza, ya 9, sifa za kimaumbile na kikemikali, na ya 10, uthabiti na mimenyuko. Nyingine hufuata nikiwa na sababu.

Nikaandika kwenye daftari nilichokipata. Uzito wa moli (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe), gramu 84. Unaweza kuyeyusha gramu 96 hivi kwenye lita moja ya maji ya nyuzijoto 20. pH ya mmumunyo wake, yaani kipimo cha asidi na besi ambapo 7 ni katikati na juu yake ni besi, ni karibu 8.3, na haibadiliki sana hata ukizidisha unga. Hiyo namba 8.3 niliipigia mstari mara mbili kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimesoma pia kwamba alumini inalindwa na tabaka jembamba la oksidi, na tabaka hilo hustahimili takriban kuanzia pH 4 hadi 8.5. Hesabu ikawa rahisi: bikaboneti haifiki 8.5, sufuria imeharibika, basi haikuwa bikaboneti. Kesi imekwisha.

Ningekuwa makini, ningeona kwamba kwenye daftari nimeandika 8.3 bila kuandika kwamba ni ya maji baridi. Tutarudi hapo.

Sasa upimaji. Kwanza kabisa, unga usioujua usiuonje, hata kama una uhakika, kwa sababu uhakika ndio unaochunguzwa. Vaa glavu na miwani, chukua unga kidogo sana, utie kwenye bilauri ya maji. Unga uingie majini, siyo maji yamwagiwe juu ya unga. Shika bilauri kwa nje. Bikaboneti inapoyeyuka hupoza maji kidogo. Kaboneti kavu huyapasha moto. Kostiki huyapasha sana, na ukiona hivyo weka kila kitu chini, uchunguzi wa nyumbani umeishia hapo. Wangu ulipoza. Nikatia matone ya siki, ikatoa mapovu, lakini mapovu hayatoi hukumu maana kaboneti nayo hutoa. Yanamwondoa kostiki tu, kwa sababu yeye hana ukaa wa kutoa.

Jaribio lililoamua kesi lilikuwa la mizani. Bikaboneti ikipashwa moto ikiwa kavu huvunjika:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Maji na hewa ya ukaa huondoka, kaboneti hubaki. Piga hesabu ya moli: gramu 168 (moli mbili za 84) zinaingia, 106 zinabaki. Imepotea asilimia 37. Trona ukiipasha hivyo hivyo hupoteza asilimia 30 hivi. Fuwele za kaboneti ya kufulia zilizojaa maji hupoteza karibu asilimia 63. Kaboneti kavu haipotezi kitu, labda unyevu iliyoukusanya hewani. Yaani oveni na mizani ya sehemu ya kumi ya gramu vinatosha kutenganisha unga nne zinazofanana kwa macho. Mizani yako ikisoma gramu nzima tu, usikate tamaa, pima gramu 100 badala ya 10.

Nilitandaza gramu 10.0 kwenye kisahani cha chuma cha pua (alumini nilishakoma), nikaweka oveni nyuzijoto 180. Baada ya dakika 20 nikapima: 7.1. Imepotea asilimia 29! Trona! Nikaanza hata kutunga maneno ya kumwambia muuzaji. Bahati yangu nilikuwa nimesoma kwamba kitu kinachopashwa hupimwa, hurudishwa motoni, hupimwa tena, mpaka mizani isome namba ile ile mara mbili mfululizo. Nikarudisha. Dakika 20 nyingine: 6.5. Nyingine: 6.4. Nyingine: 6.4. Imepotea asilimia 36. Ilikuwa bikaboneti, tena safi, na kilichonidanganya mara ya kwanza ni haraka yangu. Kipimo cha kwanza cha mmenyuko ambao haujakwisha kinaweza kukupa jibu la kampaundi nyingine kabisa, na likapendeza machoni kwa sababu ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Muuzaji basi hana kosa. Lakini sufuria bado nyeusi.

Nilirudi kwenye daftari nikatazama mlingano ule nilioutumia kuuchunguza unga wake. Kuvunjika huko hakusubiri nyuzijoto 180. Huanza polepole kwenye nyuzijoto 50 hivi, na utakuta baadhi ya majedwali yameandika 50 kwenye safu ya kiwango cha kuyeyuka, jambo linalopotosha, maana unga huu hauyeyuki kama nta, unavunjika. Na ndani ya maji yanayochemka mambo ni hayo hayo: hewa ya ukaa inafukuzwa pamoja na mvuke, bikaboneti inageuka kaboneti taratibu, na kaboneti haikai kwenye 8.3. Inapanda kuelekea 11, juu ya ile 8.5 ambayo tabaka la alumini hustahimili. Mimi nilitokotesha nusu saa. Niliingiza kampaundi moja sufuriani nikamaliza na nyingine, bila kununua ya pili.

Sikutaka kuamini kwa kusoma tu, nikatafuta kiashiria, yaani kitu kinachobadilika rangi kufuatana na pH. Unga wa manjano, ile binzari, hubadilika kutoka njano kwenda wekundu pH inapovuka 7.4 hivi hadi 8.6. Nikaupaka karatasi nyeupe ukiwa umeloweshwa, nikaacha ukauke. Tone la mmumunyo baridi: rangi ya chungwa. Tone la mmumunyo ule ule uliotokota nusu saa, safari hii kwenye chombo cha chuma cha pua, ukapoa: nyekundu ya tofali. Unga mmoja, maji ya bomba lile lile, tofauti ni moto tu.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kuliko mwingine wote: unaponakili sifa yoyote ya kemikali, nakili na hali yake kwenye mstari huo huo. Siyo "pH 8.3" bali "pH 8.3, maji baridi". Siyo "inayeyuka gramu 96" bali "gramu 96 kwa lita, nyuzijoto 20". Daftari langu la sasa lina safu tatu: sifa, namba, na ya tatu nimeiandika "ikiwaje?" Safu ya tatu ikiwa tupu, namba hiyo siitumii.

Kitu kilichonifurahisha ni kugundua kwamba viwanda vinaishi kwa mmenyuko huu huu. Mbelgiji Ernest Solvay alipata hataza mwaka 1861 kwa njia ya kutengeneza kaboneti kutokana na maji ya chumvi, amonia na mawe ya chokaa. Kinachojitenga kwanza ndani ya mitambo ni bikaboneti, kwa kuwa yenyewe huyeyuka kwa shida zaidi. Kisha hupashwa moto na kuwa kaboneti. Hatua ya mwisho ya Solvay niliifanya kwa kisahani. Na anayetaka bikaboneti safi huenda kinyume: hupuliza hewa ya ukaa ndani ya mmumunyo wa kaboneti.

Safu ya "ikiwaje?" imenisaidia pia kwenye ushauri unaozagaa wa kuchanganya siki na bikaboneti eti kupata kisafishio chenye nguvu mara mbili. Gramu 5 za bikaboneti humalizana na mililita 71 hivi za siki ya asilimia 5. Kinachobaki ni maji yenye asetati ya sodiamu, ambayo si asidi ya maana wala besi ya maana. Umewapiganisha wafanyakazi wako wawili kabla kazi haijaanza. Kuna lita 1.4 hivi za gesi zilizotoka, ambazo zinaweza kusukasuka uchafu kidogo, na ndiyo sababu mchanganyiko huo kamwe usifungwe kwenye chupa: chupa hupasuka. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie cha pili. Na siki hiyo hiyo isikutane na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, maana hapo inatoka gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Tumboni ni hivyo hivyo. Inatuliza kiungulia kwa kuua asidi, lakini inatoa gesi ndani ya tumbo lililojaa, na ina sodiamu: kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 1.3, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 2 kwa siku nzima. Mwenye shinikizo la damu au shida ya figo amuulize daktari kwanza. Kwenye vizima moto vya unga mkavu, kwa upande mwingine, kule kuvunjika kulikoniharibia sufuria ndiko kunakosaidia: unga unaorushwa kwenye moto wa mafuta unatoa hewa ya ukaa papo hapo.

Sufuria niliichemshia siki iliyozimuliwa, na weusi ukapungua sana. Tabaka lile jeusi halipendi asidi. Mstari mmoja hafifu umebaki. Zile gramu sita na kitu zilizotoka oveni ziko kwenye kichupa cha kioo, zimeandikwa Na₂CO₃ kwa wino mweusi, na chini yake nimeongeza: si ya sufuria ya alumini.