Kitambi kinavyoongea na presha yako

Ukiwa na presha hapa Moshi kila mtu ana dawa yake. Jirani atakuletea mlonge, shemeji atakwambia uache chumvi, kijiweni utaambiwa ni mawazo tu. Chumvi punguza kweli. Ila kwetu wenye vitambi kuna jambo halisemwi sana, nalo ndilo lililonifanya nibadilishe ulaji na usingizi wangu.

Mafuta ya mwilini hayakai tu, yanatoa homoni. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake kule New York waligundua jeni ya leptini. Homoni hii hutoka kwenye mafuta, ikapita kwenye damu mpaka haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, na kuiarifu kwamba akiba ipo. Wakati huohuo huziamsha neva za simpathetiki, zilezile zinazokupandisha mapigo ya moyo bodaboda akikukosakosa pale mnara wa saa. Neva hizo zinafika kwenye moyo, mishipa na figo. Mishipa inabana, figo zinazuia chumvi na maji visitoke, presha inapanda.

Mtu mnene ana leptini nyingi, lakini ubongo wake umeshaizoea kwa upande wa shibe. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba upande wa neva unaweza kuendelea kuitikia kama kawaida. Yaani njaa haipungui, presha nayo haishuki. Kwa hiyo anayekwambia huna nidhamu, msamehe tu.

Tumbo nalo lina homoni yake ya kuleta njaa, ghrelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999. Hupanda unapokaribia muda uliozoea kula, na yenyewe huzituliza kidogo neva hizo. Ndiyo maana nashauri saa za kula zisibadilike ovyo: ukizoea kula saa nne usiku, njaa itakusubiri hapohapo saa nne.

Usingizi ndio ulionisaidia zaidi. Utafiti wa Chicago uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha vijana wenye afya wakilala saa chache leptini inashuka, ghrelini inapanda, na hamu ya kula inaongezeka. Nami nikikesha na mpira wa Uingereza, asubuhi dukani naagiza chapati ya pili hata chai haijapoa. Nikilala mapema, moja inanitosha na nyingine siikumbuki.

Usijinyime ghafla. Uzito ukishuka leptini hushuka, njaa inakuwa kali, neva zinapoa na mwili unaunguza chakula kidogo kuliko mwanzo. Wanaorudi kwenye unene baada ya mwezi wa supu tupu hawakulogwa. Mimi mtori sijauacha. Nimepunguza nyama ya mafuta, nimeongeza mchicha na maharage, na jioni natembea kwa mguu kurudi nyumbani badala ya kupanda boda.

Dawa usiache kwa sababu umepungua. Pima asubuhi kabla ya kula, umekaa dakika tano bila kuongea, mkono juu ya meza, andika namba kwenye daftari, mpelekee daktari. Yeye ndiye atakayepunguza kidonge. Na Desemba watu wakipanda kwenda kijijini migombani kwa sikukuu, mashine ya kupimia presha iende nawe kwenye begi, maana huko pombe ya mbege na nyama havina ratiba.