Pesa ya likizo ya Unguja haikupotea

Bwana Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji kama mwanafunzi anayesoma nje ya nchi kwa jasho la wazazi ana haki ya kutumia likizo yake fupi, pamoja na sehemu ya pesa anayotumiwa, kwenda kutembea na marafiki, au kama wajibu wake ni kubaki bwenini na kubana kila shilingi mpaka siku ya kurudi nyumbani. Jibu langu ni kwamba aende. Ninalitoa nikiwa mtu niliyesomea Dar es Salaam kwa pesa iliyotoka Bukavu, ambayo mama yangu aliichuma kwa kuuza vitenge katika soko la Kadutu, na najua vizuri jua na mvua alizozivumilia ili ada yangu ifike kwa wakati. Lakini jibu hilo lina masharti yake, nayo siwezi kuyaeleza bila kusimulia safari moja kwa urefu kidogo.

Ilikuwa likizo ya kati ya mihula miwili, mwezi wa Februari, wakati pepo za kaskazi bado zinavuma na masika hayajaanza. Tulikuwa wanafunzi sita: mimi wa Bukavu, Mrundi mmoja wa Rumonge, Mkenya wa Kisumu, kijana wa Mwanza, dada mmoja wa Ujiji, na mwenzetu mzaliwa wa Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Unguja. Ukimwacha huyo wa mwisho, sote tulikuwa watu wa maziwa, tuliokulia kando ya Kivu, Tanganyika na Victoria, na ingawa tulikuwa tumeishi Dar es Salaam kwa muda, bahari tulikuwa tunaiangalia kwa mbali tu, tukiwa ndani ya daladala.

Nianze na pesa, kwa kuwa ndiyo kiini cha swali lenu na ndiyo huvunja urafiki mwingi. Katika kikundi chetu kulikuwa na mmoja ambaye msaada wake wa masomo ulikuwa umechelewa kufika. Dada wa Ujiji, ambaye hakuwa na maneno mengi, alipendekeza kwamba tusianze kwa kuuliza safari itagharimu kiasi gani. Kila mmoja amweleze yeye peke yake, faraghani, kiasi anachoweza kutoa bila kukopa na bila kukosa chakula mwezi unaofuata, kisha kiwango cha chini kabisa atakachoambiwa kiwe mchango wa kila mtu. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mpaka leo sijui kwa hakika kiwango hicho kilikuwa cha nani, ingawa labda ningeweza kukisia. Pesa zote aliziweka yeye, akaziandika katika daftari la shule, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyelipa nauli wala chai kutoka mfukoni mwake. Sisi watu wa Bukavu tuliolelewa katika nyumba zenye likelemba, yaani mchango wa kupokezana, tunaujua utaratibu wa kumwamini mtu mmoja na daftari moja, na ninaamini kwamba bila utaratibu huo safari ile ingeishia bandarini, kwa kuwa wakati ule wageni walitozwa nauli ya boti kwa dola na wenyeji kwa shilingi, na tofauti hiyo peke yake ingetosha kuzusha manung'uniko.

Kwa mchango mdogo namna ile, hoteli haikuwezekana, na namshukuru Mungu kwamba haikuwezekana. Tulilala nyumbani kwa mama wa mwenzetu, Jambiani, wasichana chumba kimoja na mabinti wa nyumba, wavulana katika ukumbi, juu ya mikeka. Tulifika na unga, mchele, sukari na mafuta tuliyoyanunua katika soko la Darajani, maana nyumba ya watu haiendewi mikono mitupu, na mama yule alivipokea bila kuvitazama, akatuuliza kwanza hali za wazazi wetu, mmoja baada ya mwingine, na mji wa kila mmoja.

Asubuhi ya kwanza tulitoka nje tukakuta bahari haipo. Mtu wa Ziwa Kivu hawezi kulitazamia jambo hilo: ziwa letu, lililo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hupanda na kushuka kidogo kwa misimu, lakini ufuo uliouacha jioni ndio utakaoukuta asubuhi. Pale Jambiani, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa huenda mbali sana, karibu kufikia mwamba wa matumbawe, na mahali ambapo jana yake watoto walikuwa wanaogelea panabaki mchanga mweupe, majani, vidimbwi vyenye joto na safu za vigingi vifupi. Vigingi hivyo ni mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza katika pwani ile mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Mama mwenyeji wetu alikuwa mmoja wao, akatuchukua tumsaidie.

Kazi yenyewe ni hivi: kamba hufungwa kati ya kigingi na kigingi, na juu yake huning'inizwa vipande vya mwani, kila kimoja kikiwa na uzi wake mdogo, kwa nafasi ya kiganja hivi kati ya kimoja na kingine. Fundo lisipokazwa, wimbi hukichukua kipande. Likikazwa mno, hukatika pale pale palipofungwa. Mafundo yangu mengi yalifunguliwa na kufungwa upya na binti wa miaka kumi hivi, kwa adabu, bila kusema neno. Mwani ukikomaa huvunwa, huanikwa juani na kuuzwa kwa uzito ukiwa mkavu, kisha husafirishwa ng'ambo, ambako hutolewa kitu cha kuvifanya vyakula, dawa za meno na vipodozi viwe vizito. Mama yule alitueleza kwamba aina yenye bei nzuri zaidi ilikuwa inakufa kwa sababu maji ya pwani yamekuwa na joto kupita zamani, hivyo waliobaki nayo walikuwa wachache. Aliyasema hayo akiwa ameinama, maji yakimfika magotini, huku akitazama upande wa mwamba, kwa kuwa maji yakianza kujaa hayamngoji mtu, na kamba zilizobaki lazima zingoje mpaka yapwe tena. Sikuwahi kusoma darasani somo la uchumi lililonieleza bei ya dunia na mkono wa mzalishaji kwa uwazi kama ule.

Watu wengi wangeishia hapo: ufuo, picha, kurudi. Mkenya wetu alitaka siku zote tuzimalizie Jambiani, na sikumlaumu. Lakini mimi na dada wa Ujiji tulikuwa tumeomba tangu Dar es Salaam kwamba siku moja nzima iwe ya Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar, na sababu yetu ilikuwa moja. Mama yangu ni Mkusu wa Kasongo, Maniema. Yeye ni wa jamaa ambazo huko Ujiji na Kigoma huitwa Wamanyema, wazao wa watu waliotoka Kongo ya leo pamoja na misafara ya karne ya 19, wengine wakiwa wapagazi, wengine wafuasi wa wafanyabiashara, wengine mateka. Shuleni Bukavu nilijifunza vita vya Wabelgiji na Waarabu vya 1892 hadi 1894, na kwamba Nyangwe na Kasongo zilitekwa mwaka 1893, nikayaandika katika mtihani nikapata alama zangu. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia kwetu ni mahali ambapo mtu anaweza kwenda kwa miguu na kusimama.

Mahali hapo ni Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kulifunga mwezi wa Juni 1873, kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka huo huo Waanglikana walianza kujenga kanisa juu ya uwanja ule. Ndani ya kanisa wageni huonyeshwa altare, wakielezwa kwamba imewekwa pale ulipokuwa mti wa kuchapia watu viboko, na nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingoni mwao mna mnyororo. Tulisimama juu ya shimo lile muda mrefu. Mrundi wetu, ambaye alikuwa mtu wa maneno na vicheko, alitoka nje akatungojea barabarani. Mwenzetu wa Jambiani alitueleza kwamba amepita mbele ya kanisa lile tangu utoto wake asiingie hata siku moja, na kwamba kwao suala la nani alikuwa mtumwa na nani alikuwa bwana halizungumzwi mezani, kwa sababu katika mtaa mmoja, hata katika ukoo mmoja, wamo wazao wa wote wawili. Niliona kwamba yeye, aliyezaliwa kisiwani, alikuwa na mzigo tofauti na wangu, na kama ningekwenda peke yangu na kitabu cha watalii, nisingeujua kamwe.

Kutoka hapo tulitembea mpaka Shangani, kwenye nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wa kwetu wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akajenga utawala wake Kasongo, mwaka 1887 akafanywa wali, yaani gavana, wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, kwa niaba ya dola la Kongo la mfalme Leopold wa Ubelgiji, na akafia Unguja mwaka 1905. Nyumba ina mlango mkubwa wa mbao uliochongwa, na tulipofika nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa dirishani, kwa kuwa walikuwa wanaishi watu. Tulikaa kwenye baraza iliyokuwa mkabala. Dada wa Ujiji akanieleza kwamba bibi yake alijitaja kuwa Mbangubangu, nami nikamwambia kwamba Wabangubangu ni watu wa Kabambare, wilaya inayopakana na Kasongo, na kwamba mama yangu ana wakwe huko. Hakuwa amewahi kukutana na mtu aliyeijua Kabambare kama mahali ambapo watu wanalima, wanaoa na kugombana. Kwao lilikuwa ni jina lililobaki katika hadithi. Tulimpigia mama simu pale pale, kwa pesa za kikundi, kwa idhini ya wote, na wakazungumza wao wawili, mama akimtajia majina ya vijiji na yeye akirudia yale aliyowahi kuyasikia. Tangu siku ile mama humwita mwanangu, na mpaka leo, kila ninapomtembelea, huuliza habari za mwanawe wa Ujiji.

Kwa hiyo, mzazi anayeniuliza pesa ile ilinunua nini, jibu langu linaweza kuguswa. Naongeza jambo moja la wakati: tulipopita Forodhani, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa bado limesimama lote mbele ya bahari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka. Mwanafunzi anayejiambia kwamba atakuja kutembea atakapokuwa na mshahara, mara nyingi hupata mshahara akiwa tayari na watoto, kodi ya nyumba na nchi nyingine ya kuishi.

Kuhusu hofu ya wazazi juu ya maji, siidharau hata kidogo, hasa sisi wa Kivu, tulioona yaliyotokea tarehe 3 Oktoba 2024, meli ya Merdi kutoka Minova ilipozama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya waliokuwa wanawangoja ndugu zao. Mlango wa bahari wa Unguja nao umekula watu: mwezi wa Julai 2012 meli ya Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Mzazi ana haki ya kudai, kabla ya kutoa ruhusa, kwamba mwanawe asipande chombo kilichojaa kupita kiasi wala kisicho na jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, na kwamba bahari ikichafuka wakubali kungoja hata kama tiketi itapotea. Sisi tulikubaliana hivyo, na katika daftari la dada wa Ujiji kulikuwa na akiba ndogo kwa ajili ya siku kama hiyo. Haikutumika, tuligawana tulipofika Dar es Salaam.

Mwisho, swali lenu limewafikiria watoto wetu walioko ng'ambo, lakini vyuo vya hapa Bukavu navyo vina vijana waliokuja kutoka Bujumbura, Uvira, Kalemie, Kindu na hata Kinshasa, ambao likizo fupi huwakuta wakiwa peke yao vyumbani. Kisiwa cha Idjwi kiko pale ziwani, na wanafunzi wenye kwao kule wapo katika kila chuo cha mji huu. Ningependa kuona mmoja wao akiwachukua wenzake watano, kwa mchango unaolingana na uwezo wa yule mwenye kidogo zaidi, wakalale kwa mama yake, wakamsaidie kuvuna mananasi, na wakirudi waandike katika kurasa zenu walichokiona.

Msomaji wenu, Bukavu