Jibu: Marafiki wa utotoni wakutane vipi tena katika riwaya ya Goma?

Ndugu yangu, umeuliza wahusika wako wawili, waliokua pamoja Goma kisha wakakosana, wakutane vipi ukubwani bila msomaji kuhisi kwamba mapenzi yao yamelazimishwa.

Mimi ningeyaweka mapenzi kando kwanza, nikalishughulikia kosa lililowatenganisha. Volkano ya Nyiragongo, mlima ulio jirani na Goma, ililipuka Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji, na ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, ambapo siku chache baadaye wakaaji wengi waliamriwa kuhama, wengine wakielekea Sake, wengine Bukavu kwa njia ya Ziwa Kivu. Aliyekuwa na miaka 7 katika mlipuko wa kwanza alikuwa na 26 katika wa pili, umri unaokufaa kabisa. Lakini nakusihi, usiutwishe mlima lawama yote. Kutawanyika kwa familia si ugomvi. Kinachouma miaka yote hiyo ni kwamba mmoja aliahidi kurudi, akarudi kweli, akapita mbele ya ukuta wa mawe meusi wa nyumba ya mwenzake bila kubisha hodi.

Basi wakutanishe ndani ya meli ya kwenda Bukavu, mahali ambapo hakuna awezaye kuondoka kabla ya kufika. Mazungumzo yaanze kwa mambo madogo, hata kwa ubaridi: mama hajambo, mdogo wako yuko wapi. Swali la ule mlango usiobishwa lichelewe, na atakayeliuliza awe yule aliyengoja ndani.