Fundi hakuona kitu, lakini injini ilikufa nguvu kweli

Wiki iliyopita msichana anayejifunza urubani hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, aliniandikia. Injini ilimpungukia nguvu akiwa angani peke yake, na alipotua ikawa nzima kabisa. Fundi ameifungua, hajaona kitu. Mkufunzi amemwambia, "Uliogopa tu." Niliusoma ujumbe ule mara tatu, maana maneno hayo niliambiwa na mimi, mbele ya wenzangu, na hayajanitoka.

Yangu ilikuwa Julai. Mnaijua Nairobi ya Julai: manyunyu tangu alfajiri, Ngong haionekani, watu na masweta. Nilikuwa na saa 41 za kuruka, kwenye Cessna 172, kindege kidogo cha injini moja, ya zamani yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), nikirudi kutoka upande wa Athi River. Mizunguko ya injini ilikuwa 2,350 kwa dakika. Kutupa jicho tena, 2,250. Nikaisukuma throto, kile kishikio cha kuongeza na kupunguza nguvu, kidogo, mizunguko ikapanda. Baada ya muda ikashuka tena, nikasukuma tena. Kosa langu liko hapo. Nguvu zilipotea kidogo kidogo, nami nikawa nazifidia bila kujiuliza zinakwenda wapi. Ilipofika 1,900 dashibodi nzima ilikuwa inatetemeka na ndege haishiki tena kimo.

Nikavuta kishikio cha hewa ya moto ya kabureta, kile cha kuyeyusha barafu ndani yake. Injini ikakohoa, mizunguko ikaporomoka zaidi. Nikashtuka nikakirudisha. Jamani, nilikirudisha! Chini yangu naona mabati ya nyumba za watu. Nikakivuta tena mpaka mwisho, nikakishikilia kwa mkono wa kulia huku nasali. Ikakohoa, ikakohoa, halafu ikanguruma. Nilitua salama, na najivunia kutua kule hadi leo.

Fundi alipofungua, kabureta ilikuwa safi. Ingekosaje kuwa safi? Barafu ilikwisha kuyeyuka.

Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto. Hewa nayo ikipita kwa kasi kwenye ile shingo nyembamba, mgandamizo wake hushuka na joto lake pia. Yote mawili yakikutana, joto humo ndani laweza kuanguka nyuzi 20 na zaidi. Unyevu wa hewa unaganda kwenye kuta na kwenye kipepeo cha throto, kile kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa, na injini inakabwa koo. Kwa hiyo msidhani ni balaa la Ulaya. Hata Mombasa kwenye joto la nyuzi 30, hewa ikiwa na unyevu mwingi na throto umeipunguza ili ushuke, barafu inaweza kujijenga. Injini zinazopulizia mafuta moja kwa moja, kama za 172 mpya, hazina kabureta, lakini wengi wetu tunajifunzia kwenye zile kuukuu.

Wanafunzi wenzangu, vuteni kishikio cha hewa ya moto mapema. Mizunguko ikishuka bila wewe kugusa throto, vuta. Unataka kuipunguza throto ili ushuke, vuta kwanza ndipo upunguze. Na uvute yote, usivute nusu. Injini ikikohoa usikirudishe kishikio: kinachopita ni maji ya barafu inayoyeyuka. Vumilia. Nasema tena, vumilia, kwa sababu mkono utataka kukirudisha.

Na ninyi wakufunzi, mnaua watu kwa neno "uliogopa". Mwanafunzi aliyeaibishwa siku nyingine ataona mizunguko inashuka na atanyamaza.

Binti huyu nimemwambia atafute taarifa ya hali ya hewa ya uwanja ya saa ile aliyoruka. Amenitumia jana: joto nyuzi 15, kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa kulifikia umande huanza) 13. Namba mbili zikikaribiana hivyo, hewa imejaa maji. Yangu ya Julai ile bado nimeihifadhi ndani ya kitabu changu cha safari: 14 na 13. Nimemwomba aichapishe ya kwake na aiweke mezani kwa mkufunzi wake.