Kabla ya kununua S&P 500, jua pointi moja inakugharimu dola ngapi

Wanaoanza kufanya biashara ya fahirisi za hisa huniuliza kwanza kama soko litapanda au litashuka. Mimi huwarudishia swali jingine: fahirisi ikisogea pointi moja, kwako zinaingia au zinatoka dola ngapi? Ukikosa jibu la hapo kwa hapo, usibonyeze kitufe cha kununua, hata kama umelisoma soko vizuri. Wengi waliopoteza akaunti zao walikuwa sahihi kuhusu mwelekeo wa soko. Walichokosea ni ukubwa wa oda.

Nitatumia S&P 500, maana ndiyo fahirisi ambayo wengi hukutana nayo mwanzo. Yenyewe haiuzwi. Ni hesabu tu inayofuata bei za hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani, na kwa sura hii ya kampuni 500 ilianza Machi 1957. Kampuni yenye thamani kubwa zaidi sokoni ndiyo yenye uzito zaidi katika hesabu hiyo, na miaka ya karibuni kampuni kumi za juu pekee zimebeba zaidi ya theluthi moja ya uzito wote. Kwa hiyo usishangae siku Nvidia, Apple na Microsoft zinapopanda na fahirisi ikapanda nazo, huku hisa nyingi zilizobaki zikiwa zimelala au zinashuka. Kabla ya kuingia, angalia tarehe ambazo vigogo hawa wanatangaza mapato yao. Siku hizo zinakuhusu wewe pia.

Kwa kuwa fahirisi haiuzwi, lazima upitie kitu kinachoifuata. Cha kwanza ni mfuko unaouzwa sokoni kama hisa. SPY upo tangu 1993, na VOO wa Vanguard ulikuja 2010 ukiwa na ada ndogo zaidi. Unanunua vipande kwa fedha yako, na huwezi kupoteza zaidi ya ulichoweka. Cha pili ni mikataba ya baadaye (futures), yaani makubaliano ya leo kuhusu bei ya siku ya mbele, ya soko la CME, Chicago: E-mini, ambao pointi moja ni dola 50, na Micro E-mini ulioanzishwa 2019, ambao pointi moja ni dola 5. Cha tatu ni mikataba ya tofauti ya bei (CFD), ambayo unalipwa au unalipa tofauti ya bei tu bila kumiliki chochote, na madalali wa mtandaoni huitangaza mno. Marekani hairuhusu mikataba hii kwa wateja wa kawaida. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 uliwawekea wateja hao ukomo wa mkopo wa mara 20 kwa fahirisi kubwa, yaani kushika thamani isiyozidi mara 20 ya fedha waliyoweka, baada ya wasimamizi wa masoko kukuta kwamba kati ya 74% na 89% ya akaunti za wateja wadogo hupoteza fedha. Kuna pia mikataba ya hiari (options), inayokupa haki ya kununua au kuuza kwa bei fulani bila kulazimika, lakini hiyo iache kwanza. Bei yake hubadilika kwa muda na kwa hofu ya soko, si kwa mwelekeo peke yake.

Sasa tufanye hesabu, na naomba uifanye kwa kalamu, usiisome tu. Tuseme fahirisi iko pointi 6,000. Mkataba mmoja wa Micro unakufanya ushike thamani ya 6,000 mara 5, yaani dola 30,000, ingawa dalali amekuomba dhamana ndogo sana. Soko likishuka 1%, jambo la kawaida kabisa, hizo ni pointi 60, sawa na dola 300. Kwenye akaunti ya dola 2,000 umeshapoteza 15% kwa siku moja ambayo hata magazeti hayataiandika.

Igeuze hesabu ianzie kwenye hasara. Una dola 5,000, na umejiwekea kwamba biashara moja isikutoe zaidi ya 1%, yaani dola 50. Kwa Micro, dola 50 ni pointi 10 tu. Fahirisi iliyo kwenye 6,000 inaweza kusogea pointi 10 kwa dakika chache bila habari yoyote. Utatolewa sokoni, bei itarudi pale ulipotaka, na utadhani kuna mtu anakuwinda. Hakuna anayekuwinda, oda yako ilikuwa kubwa kuliko akaunti yako.

Jaribu sasa kwa SPY. Bei ya kipande kimoja hukaribia sehemu moja ya kumi ya fahirisi, basi tuseme dola 600. Ukitaka kuliachia soko nafasi ya pointi 60 za kupumua, kipande kimoja kitakupotezea takriban dola 6. Dola 50 gawanya kwa 6, unapata vipande 8. Vipande 8 ni dola 4,800, zinatosha ndani ya dola zako 5,000, na hukukopa hata senti. Akaunti ni ileile na hasara ya juu ni ileile, ila safari hii una nafasi ya kuwa sahihi.

Oda ya kukata hasara, yaani agizo la kuuza bei ikishuka hadi kiwango ulichochagua, ni ya lazima, ila ielewe. Bei ikiifikia, oda hiyo hugeuka kuwa oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo wakati huo. Jumatatu ya tarehe 9 Machi 2020, S&P 500 ilipoteza 7% dakika chache baada ya soko kufunguliwa, na biashara ikasimamishwa kwa dakika 15. Aliyekuwa na SPY na kuweka oda yake 2% chini ya bei ya kufunga ya Ijumaa aliuziwa mbali sana chini ya hapo. Ndiyo maana kila mwanafunzi wangu mimi humwambia hivi: kama umeshika biashara ya mkopo, usilale nayo mwishoni mwa wiki.

Saa nazo zina uzito. Soko la New York hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, kwa saa za huko. Nusu saa ya kwanza bei hurukaruka, na mgeni hapati hasara yoyote kwa kuitazama tu. Takwimu za ajira na za mfumuko wa bei hutoka saa mbili na nusu asubuhi, kabla soko halijafunguliwa, wakati mikataba ya baadaye tayari iko hewani. Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, hutoa uamuzi wake wa riba mara nane kwa mwaka, saa nane mchana, na nusu saa baadaye mwenyekiti huzungumza na waandishi. Mara nyingi nimeona bei ikikimbia upande mmoja kwa tamko, kisha ikageuka mwenyekiti akianza kuongea. Kwa mwaka wako wa kwanza, kaa nje siku hizo.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa mikopo hawalisemi kwa sauti: kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 fahirisi hii ilishuka takriban 57%, na kati ya Februari na Machi 2020 takriban 34%. Mwenye vipande alivyonunua kwa fedha yake aliumia, lakini alibaki navyo soko liliporudi juu. Aliyetumia mkopo wote wa mara 20 anamalizwa na kushuka kwa 5% tu, na kupona kwa soko hakumhusu tena.

Kwa hiyo anza na mfuko. Kila biashara iandike kwenye daftari kabla ya kuituma: bei ya kuingia, bei ya kutoka ukikosea, na hasara yake kwa dola. Micro ifikirie pale tu ambapo pointi 60 dhidi yako, yaani dola 300, hazizidi 1% ya akaunti. Hapo unazungumzia dola 30,000 na kuendelea. Ukifika huko, weka alama kwenye kalenda Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ndipo mikataba huisha, na wafanyabiashara wengi huwa wameshahamia mkataba unaofuata siku kadhaa kabla.