Fundi wa Kompyuta: Jirani na flashi yake, kijana na apt yake

*Kamwene Fundi. Nina steshenari hapa Uyole, Mbeya: natoa kopi, nachapa barua, napiga pasipoti saizi. Kompyuta ya dukani kijana wangu kaiwekea mfumo wa Linux Mint badala ya Windows. Nikihitaji programu naingia Google, nabonyeza ya kwanza inayotokea. Juzi jirani kaniletea kwenye flashi programu ya picha "iliyokrakiwa", yaani ya kulipia ila imevunjwa kufuli. Kijana kakataa katakata, eti kila kitu nichukue kwa apt. Huyo apt ndiye nani hata nimwamini kuliko jirani? Halafu bando langu dogo, na umeme huku unakatika.*
*Mama wa steshenari, Uyole*

Kamwene, mama. Kijana mpe soda. Hiyo ya jirani bila shaka ni ya Windows, kwako isingefunguka hata kama ingekuwa safi.

apt kazi yake ni kusakinisha, kusasisha na kuondoa programu. Haizururi mtandaoni, inachukua kwenye maghala rasmi ya programu ya Mint na ya Ubuntu, mfumo ambao Mint imejengwa juu yake. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, andika "sudo apt update" ipate orodha mpya, kisha "sudo apt install gimp". GIMP itakutosha kwa pasipoti saizi, na ni bure kihalali. Kama amri zinakuchosha, kwenye menyu kuna Software Manager, ambayo inachota kwenye ghala lilelile (zenye alama ya Flatpak zinatoka ghala jingine, Flathub).

Sasa hilo la kuamini. Jirani unamjua, lakini yeye faili kalitoa wapi? Orodha ya ghala imetiwa sahihi ya kidijitali, na ndani yake kila faili lina alama yake ya SHA256, kama alama ya kidole. Ufunguo wa kuhakiki sahihi hiyo umo kwenye kompyuta yako tangu Mint ilipowekwa. Faili likichezewa njiani, hata herufi moja, alama hazilingani na apt inagoma. Ni kama lebo ya TOSCI, wakaguzi wa mbegu, kwenye mfuko wa mbegu, ila hii inakaguliwa kila mara, upende usipende.

Februari 20, 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilivamiwa, na kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kikaelekezwa kwenye faili lenye mlango wa siri. Kompyuta zilizoumia ni za walioshusha mfumo mzima kupitia kiungo kile. Waliokuwa na Mint tayari, wanasasisha kutoka ghalani, kompyuta zao hazikuguswa. Kama tovuti ya wenyewe iliweza kupinduliwa, hiyo "ya kwanza inayotokea" Google, ambayo mara nyingi ni tangazo la kulipiwa, unaijua ya nani?

Neno "sudo" lishike kwa adabu, maana linaipa amri mamlaka yote ya mashine. Mtu akikwambia unakili mstari wenye "curl" unaoishia na "sudo bash" (yaani shusha kitu mtandaoni na kukiendesha papo hapo), au uongeze ghala la pembeni wanaloliita PPA, umemkabidhi funguo za duka mtu usiyemfahamu. Mimi kwenye mashine ya biashara siongezi PPA hata moja.

Kabla hujakubali kwa Y, soma mistari ya juu yake. Penye "Need to get" pameandikwa megabaiti zitakazoshushwa; hapo unapima na bando lako. Ukikuta "The following packages will be REMOVED" na majina lukuki chini yake, bonyeza n, mwite kijana.

Umeme ukikatika wakati inashusha, rudia amri ileile. Ukikatika katikati ya kusakinisha, apt itakulalamikia kuhusu dpkg, msaidizi wake anayesakinisha. Andika "sudo dpkg --configure -a", imalizie ilipoachia.

Ghala nalo si malaika. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, baada ya kuona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, kumekuwa kuzito. Ulishaingia kwenye toleo la majaribio la Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ila si lile imara. Kwa hiyo dukani kaa na matoleo imara. Mapya ya majaribio waachie wenye muda.

*Fundi, mimi natumia Windows 11. Nasi tunacho kitu hicho?*
*Mwalimu, Mafinga*

Mnacho, mwalimu: winget. Fungua Terminal, andika kwa mfano "winget search vlc" (VLC ni ya kuchezea video) uone jina kamili na Id yake, inayoanza na mtengenezaji, kisha "winget install --id VideoLAN.VLC -e". Nayo inalinganisha SHA256 kabla ya kusakinisha. "winget upgrade" itakuonyesha zilizopitwa na wakati. Anza na kivinjari.