Fremu za Busisi: bei ya kivuko, biashara ya daraja

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nauziwa fremu sita za maduka karibu na kivuko cha Busisi, upande wa Sengerema, kwa shilingi milioni 60. Muuzaji anasema kila moja inaingiza 80,000 kwa mwezi. Ana barua yenye mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Dalali ananihimiza nilipe nusu wiki hii. Mnanishaurije?
Msomaji, Buhongwa, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, wiki hii usitoe hata senti.

Anza na biashara yenyewe. Fremu za kivukoni ziliishi kwa foleni: abiria alishuka kwenye basi, akanunua chakula na vocha akisubiri zamu. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lizinduliwe Juni 2025, basi linapita juu ya ziwa kilomita 3 bila kusimama. Kodi ya enzi za kivuko haikuonyeshi kodi ya leo. Nenda siku ya kawaida, si ya gulio, uhesabu fremu zilizofungwa, kisha zungumza na wapangaji bila dalali kuwepo.

Waulize mambo mawili. Kwanza, wamelipa mpaka lini? Kwa kawaida pango hulipwa miezi sita au mwaka mzima mbele. Muuzaji akishaila kodi hiyo, wewe unanunua fremu zisizokuingizia chochote kwa muda huo. Ikatwe kwenye bei. Pili, nani aliyejenga? Wapo wanaomalizia fremu kwa fedha zao kwa makubaliano ya kukatwa kwenye kodi, na deni hilo litakufuata.

Hata tukikubali hiyo 80,000, fremu sita huleta 480,000 kwa mwezi. Hesabu miezi kumi tu, maana fremu hukaa tupu: 4,800,000. Ondoa kama 800,000 za ukarabati na kodi za serikali, inabaki milioni 4. Milioni 60 zitarudi baada ya miaka 15. Sisi tungeanzia milioni 40, na kodi halisi ikiwa chini ya hiyo 80,000, tungeshuka zaidi.

Tukija kwenye karatasi, mhuri wa mwenyekiti pekee hautoshi. Uliza ofisi ya ardhi ya halmashauri kama eneo hilo bado ni ardhi ya kijiji. Kama ndivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka idhini ya Halmashauri ya Kijiji, kwa hiyo dai muhtasari wa kikao wenye majina na saini za wajumbe. Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani ukague nani ameandikwa kuwa mmiliki, na usome sehemu ya matumizi: ikiandikwa "makazi" tu, utalazimika kuomba kubadilisha matumizi. Muuzaji akiwa na mwenzi wa ndoa, naye asaini.

Mlete mpima. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Uliza pia maji yalifika wapi mwaka 2020, ziwa lilipofurika.

Mkataba uandikwe na wakili, useme nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu. Malipo yapite benki, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi uhamisho ukamilike.